Mwongozo Kamili: Jenga Ujasiri wa Kuamua Njia ya Kazi Ukiwa Bado Chuoni

Wanafunzi wanaonijia kuuliza kuhusu kazi hukwama karibu wote mahali pamoja. Wamejaza majaribio ya tabia mtandaoni, wamehudhuria semina, wamesikiliza wazungumzaji wakiwahimiza wajiamini. Kisha hurudi chumbani kusubiri siku watakayoamka wakiwa na uhakika. Siku hiyo haiji. Muhula unaisha, na mwaka wa mwisho unawakuta palepale.

Kosa lao ni la mpangilio. Wanataka ujasiri uje kwanza, ndipo waanze kushughulika. Kumbe ujasiri wa kuamua hufuata nyuma ya shughuli: umeuliza, umejaribu, umemaliza jambo, ndipo moyo unatulia. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unachukua wiki sita hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuishia hatua ya nne, na atakuwa amefanya mengi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja la karatasi. Kwenye simu kila dakika huingia ujumbe wa kukutoa kwenye jambo. Isitoshe, wiki ya sita utahitaji kurasa za wiki ya kwanza ziwe wazi mbele yako.
- Muda wa saa tatu kila wiki, katika siku ulizozitenga mapema, na zaidi ya hapo wiki za majaribio ya hatua ya 5.
- Matokeo yako yote ya masomo, pamoja na kazi ulizowahi kukabidhi: ripoti, insha, miradi.
- Matangazo 15 ya kazi za ngazi ya kuanzia. Yachukue hata kama huna sifa zote zinazotajwa.
- Majina 10 ya watu walio kazini ambao unaweza kuwafikia kwa kupitia mtu mmoja tu wa kati.
- Mwenzako mmoja atakayekuuliza kila Ijumaa umefika wapi. Awe mtu asiyekuonea haya.

Jaribio la kulipia si lazima. Majaribio ya mapendeleo, hata yale yanayofuata makundi sita ya haiba na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, hukusaidia kutaja unachokipenda. Kuhusu kama utakiweza, hayana la kusema.

## Hatua ya 1: Igawe hofu yako vipande vitano

"Sijiamini" ni maneno mapana mno, hayatibiki. Mwaka 1983 wanasaikolojia wa Marekani Karen Taylor na Nancy Betz walichapisha kipimo cha ujasiri wa kuamua kazi, na jambo kubwa walilolifanya ni kuugawa ujasiri huo katika majukumu matano. Nimetunga swali moja kwa kila jukumu:

1. Kujitathmini. Unaweza kutaja mambo matatu unayoyafanya vizuri na kuonyesha ni wapi uliyafanya?
2. Kutafuta taarifa. Ukitajiwa kazi usiyoifahamu, unajua utamuuliza nani na utasoma nini ili kesho uwe umeielewa?
3. Kuchagua lengo. Ukiwa na njia tatu nzuri, unaweza kushika moja na kuziacha nyingine zipite?
4. Kupanga. Unaweza kuandika shughuli zako za miezi mitatu ijayo, kila moja na tarehe yake?
5. Kutatua matatizo. Ukinyimwa nafasi uliyoitaka sana, unajua wiki inayofuata utafanya nini?

Jipe alama kuanzia 1 (siwezi kabisa) hadi 5 (naweza bila wasiwasi). Andika na tarehe ya leo.

Mgawanyo huu una faida kubwa. Mwanafunzi mwenye 5 kwenye kujitathmini na 1 kwenye kutafuta taarifa hana haja ya kuambiwa tena "jitambue". Anachohitaji ni kupiga simu. Ushauri mwingi unaotolewa vyuoni humiminwa kwenye kipande cha kwanza peke yake, na vile vinne vinabaki vikavu.

Onyo: alama hizi hazipimi akili wala kipaji. Zinaonyesha unavyojiona leo ukisimama mbele ya jukumu hilo. Na ukijipa 5 kila mahali, rudia kusoma maswali polepole. Mara nyingi alama za namna hiyo hutoka kwa mtu ambaye bado hajajaribu.

Umefaulu ukiweza kumwambia mwenzako kwa sentensi moja: "Mimi nakwama kwenye kupanga," au "Mimi sijui pa kuuliza."

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi wa uwezo wako

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba ataweza jambo fulani: mambo aliyowahi kuyafanya akafaulu, kuwaona watu wa hali kama yake wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyousoma mwili na hisia zake. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutiwa moyo, ambayo ndiyo hutolewa kwa wingi, hayafui dafu mbele ya jambo ulilolifanya kwa mikono yako.

Kwa hiyo andika matukio 12 ya maisha yako ambamo ulifanya jambo likakamilika. Chukua ya darasani, ya nyumbani, ya michezo, ya dini, ya biashara ndogo, ya kikundi chochote. Kila tukio lipe sentensi tatu: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, matokeo yakawa nini.

Tumia vitenzi. "Mimi ni mtu wa watu" haikuambii kitu. "Niliwapatanisha wenzangu wawili waliogombana, tukakabidhi mradi siku mbili kabla ya muda" inakuambia mengi. Ukimaliza, pigia mstari vitenzi vinavyojirudia: nilipatanisha, nilipanga, nilikokotoa, nilifundisha, nilitengeneza, niliandika. Huko ndiko uwezo wako uliko, na mara nyingi haufanani na jina la shahada unayosomea.

Wengi hukwama kwenye tukio la tano na kusema hawana zaidi. Wanayo, ila wanatafuta tuzo. Uliyekuwa ukimwelekeza mdogo wako hesabu mpaka akafaulu, hilo ni tukio. Uliyetunza fedha za kikundi mwaka mzima na hesabu zikalingana, hilo ni tukio, tena zito.

Umefaulu ukipata uwezo wa aina tatu au nne, kila mmoja ukiwa na matukio mawili au zaidi ya kuushuhudia. Wenye tukio moja tu uweke pembeni, usiufute.

## Hatua ya 3: Chuja njia mpaka zibaki tatu

Akili haiwezi kuchunguza njia 20 kwa kina. Ikijaribu huchoka, na iliyochoka huishia kuchagua inayosifiwa na wengi.

Andika kwanza masharti yako, kabla hujatazama jina la kazi yoyote. Yasizidi matano: kwa mfano, unavyotaka siku ipite (na watu, na mashine, na maandishi), kipato cha chini kinachokuwezesha kuishi na kutimiza wajibu wako, miaka ya masomo unayoweza kuongeza, mahali unapoweza kuishi. Gawa masharti hayo katika yale yasiyoweza kulegezwa na yale yanayoweza.

Sasa soma yale matangazo 15. Kila tangazo lisiloafiki sharti lisilolegezwa, litoe. Yanayobaki yapange kwa aina ya kazi, halafu chagua aina tatu.

Hapa nina onyo ninaloliwekea mkazo kuliko yote katika mwongozo huu. Usitoe njia kwa sababu tu unahisi hutaiweza. Mwaka 1981 Nancy Betz na Gail Hackett walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu. Wasichana walionyesha ujasiri mdogo kwa kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume kuliko kwa zile zilizozoeleka kuwa za wanawake, ilhali alama zao za mitihani ya uwezo hazikutofautiana sana na za wavulana. Njia zilikuwa zikifungwa na shaka, uwezo ukiwepo. Nimeona jambo hilohilo kwa wanafunzi wa kwanza kufika chuo kikuu katika familia zao: wanafuta kazi ambazo hawajawahi hata kuziuliza.

Kwa hiyo kila unapofuta njia, andika sababu mbele yake. Sababu ikiwa "hailingani na sharti langu", sawa. Ikiwa "hiyo si ya watu kama sisi", irudishe kwenye orodha.

Umefaulu ukibaki na majina matatu, na angalau moja kati yake likikutia hofu kidogo.

## Hatua ya 4: Zungumza na walio ndani

Usipoweza hatua nyingine yoyote, fanya hii. Ndiyo inayobadilisha watu haraka zaidi, na ndiyo inayokwepwa zaidi.

Kwa kila njia kati ya zile tatu, tafuta watu watatu: aliyeanza kazi miaka michache iliyopita, aliyekaa muda mrefu, na aliyeiacha. Wa kwanza atakuonyesha mlango ulivyo sasa. Wa pili atakueleza kazi inavyomfanya mtu akikaa nayo. Wa tatu ndiye watu humsahau, na ndiye atakayekutajia gharama ambazo wengine wamezizoea hadi hawazioni.

Usianzie kwa rafiki zako wa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali hutuletea habari ambazo wa karibu hawana, kwa kuwa wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Mhadhiri wako, mhitimu wa idara yenu wa miaka iliyopita, jirani wa shangazi yako: hao ndio wa kuanza nao.

Ujumbe wa kuomba nafasi uwe mfupi. Huu umewafaa wengi:

> Habari za kazi. Naitwa (jina), mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa takwimu. Nimepata namba yako kwa (jina), ambaye ameniruhusu kumtaja. Ninafikiria kazi ya uchambuzi wa data za afya, na ningependa kuelewa siku ya kazi ilivyo kwa mtu anayeifanya. Naomba dakika 20 kwa simu, siku na saa utakayochagua wewe. Siombi kazi, nina maswali matano tu. Asante sana kwa muda wako.

Na maswali yenyewe:

1. Jumatatu iliyopita ulifanya nini tangu ulipofika kazini hadi ulipotoka?
2. Sehemu gani ya kazi hii ilikushangaza ulipoanza?
3. Nini humshinda mtu mpaka akaiacha?
4. Wewe uliingiaje, na mtu anayeingia leo anapitia wapi?
5. Kama ungekuwa mwaka wangu wa masomo, miezi mitatu ijayo ungeitumiaje?

Swali la kwanza ndilo la thamani. Ukimuuliza mtu "kazi yako ikoje?" atakupa hotuba. Ukimuuliza Jumatatu alifanya nini, atakueleza kwamba alikaa saa nne akisafisha jedwali lenye makosa, na wewe utajua papo hapo kama saa hizo nne zingekuchosha au zingekupendeza.

Faida nyingine haionekani kwa haraka. Ukimsikia mtu aliyetoka darasa kama lako, mwenye alama za kawaida kama zako, akieleza alivyoingia, unajiuliza kwa mara ya kwanza: kwa nini isiwe mimi? Hicho ndicho chanzo cha pili alichokitaja Bandura. Ndiyo maana yule wa miaka michache hukufaa kuliko mkurugenzi mashuhuri. Ya mkurugenzi utayastaajabia. Ya huyu utajiona ukiyafanya.

Maonyo. Ukisema huombi kazi, usiombe kazi katikati ya mazungumzo. Asiyekujibu, mkumbushe mara moja baada ya siku saba, basi. Dakika 20 zikiisha, sema zimeisha, hata kama mazungumzo ni matamu. Mwenyewe akitaka ataendelea. Na usimchukue mtu mmoja kuwa ndiye kazi nzima: aliye na bosi mbaya atakuchorea taaluma mbaya.

Ukipata mazungumzo sita kati ya tisa, umefanya vizuri sana. Dalili ya kufaulu ni kwamba unaweza kusimulia siku ya kawaida ya kila kazi bila kutumia sifa yoyote, kwa matendo tu.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa saa kumi

Mazungumzo yakikamilika, chagua njia mbili zilizobaki na nguvu. Kila moja itafutie jaribio la saa kumi hivi, litakaloisha na kitu kinachoshikika.

Anayefikiria uandishi wa habari aandike habari moja yenye vyanzo vitatu aliozungumza nao mwenyewe. Anayefikiria ualimu afundishe mada moja ngumu kwa wanafunzi watano, kisha awape zoezi. Anayefikiria uchambuzi wa data achukue takwimu za wazi na kujibu swali moja kwa ukurasa mmoja. Anayefikiria sheria aombe kukaa kwenye mahakama ya wazi siku mbili na kuandika muhtasari wa hoja za pande zote. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo ni bora zaidi, lakini usiisubiri. Mara nyingi hupatikana kwa yule ambaye tayari ana kitu cha kuonyesha.

Kipimo cha ugumu ni hiki: kazi ikushinde kidogo. Ikiwa rahisi mno, haitakufundisha kwamba unaweza. Ikiwa nzito mno, utatoka umevunjika moyo bila sababu. Na kazi ya kwanza itatoka na kasoro, kama ya kila mtu. Unachokitafuta hapa ni majibu ya maswali mawili: je, saa zilikulemea au zilipita upesi? Na ulipokwama, ulitaka kuendelea au ulitafuta kisingizio?

Mpelekee mtu mmoja wa hatua ya nne ulichokitengeneza, umwombe akutajie jambo moja la kurekebisha. Rekebisha. Umefaulu ukishika mkononi toleo la pili.

## Hatua ya 6: Amua siku uliyoipanga

Chagua tarehe wiki mbili mbele, uiandike. Isiwe wiki ya mitihani, wala usiku wa siku matokeo yanapotoka. Mwili uliochoka hutoa ishara za hofu, na ni rahisi kuzisoma kana kwamba ni habari kuhusu uwezo wako. Moyo kwenda mbio kabla ya uamuzi mkubwa ni jambo la kawaida, hata uamuzi ukiwa mzuri.

Siku ikifika, kaa na daftari na uandike sentensi hii:

> Kwa miezi 12 ijayo ninaelekea kwenye ____, kwa sababu ya ushahidi huu: ____, ____ na ____. Nitauangalia upya uamuzi huu tarehe ____.

Maneno "miezi 12" yana kazi kubwa. Wengi hushindwa kuamua kwa kuwa wanadhani wanafunga ndoa na kazi hadi uzeeni. Muda ukiwa na mwisho, mkono unaandika.

Nafasi za ushahidi zijazwe na mambo ya hatua ya pili, ya nne na ya tano. Ukijikuta unaandika "watu wanasema ina soko", hujamaliza hatua ya nne.

Kisha fanya zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007: jifanye mwaka umepita na mpango umeanguka kabisa. Andika sababu zilizouangusha. Utashangaa zinavyokuja haraka: fedha za nauli, somo moja uliloliogopa, kuahirisha. Kila sababu iwekee kinga moja leo.

### Kuwaeleza wazazi au walezi

Wanafunzi wengi huamua vizuri, kisha uamuzi unayeyuka kwenye mazungumzo ya dakika kumi nyumbani. Usiende na tangazo. Nenda na daftari.

Anza kwa kuwauliza wanahofia nini, na uwaache wamalize. Mara nyingi hofu yao ni kipato na heshima, nazo ni hofu za haki kwa watu waliokugharimia. Waonyeshe watu uliozungumza nao, kazi uliyoitengeneza na tarehe ya kuangalia upya. Kisha uwaombe kitu kimoja mahususi, kama muda wa miezi 12 au kutambulishwa kwa mtu wanayemjua. Mzazi asiyekubali ndoto anaweza kukubali mpango.

Wakikataa kabisa, usijibu siku hiyo. Uliza ni ushahidi gani ungewatuliza, na uupeleke kwenye wiki zinazofuata.

## Hatua ya 7: Funga uamuzi kwenye kalenda

Hii ni fupi. Uamuzi usio na saa husahaulika. Peter Gollwitzer, aliyechunguza namna watu wanavyotimiza nia zao, alieleza mwaka 1999 nguvu ya kuandika mpango kwa mtindo wa "ikifika hivi, nitafanya hivi". Andika mitatu:

- Ikifika Jumanne saa 10 alasiri, nitakaa maktaba kuandika wasifu wangu upya.
- Nikimaliza kipindi cha Alhamisi, nitatuma barua pepe mbili za maombi kabla sijatoka jengoni.
- Nikiahirisha mara mbili mfululizo, nitampigia mwenzangu siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza iwe na jambo unaloweza kulimaliza ndani ya siku mbili.

## Hatua ya 8: Unapokataliwa

Utakataliwa. Mafundi husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wanajua wanachosema: koleo hutengenezwa upya palepale kiwandani.

Barua ya kukataliwa ikija, subiri siku moja. Kisha andika safu mbili: yaliyokuwa mikononi mwangu (maombi yalichelewa, sikufanya maandalizi ya usaili) na yasiyokuwa mikononi mwangu (nafasi moja, waombaji wengi). Rekebisha jambo moja tu la safu ya kwanza kabla ya ombi linalofuata. Ukitaka kurekebisha matano kwa pamoja, hutarekebisha hata moja.

Barua moja haikufanyi ubadili njia. Njia hubadilishwa tarehe ya kuangalia upya, au unapopata taarifa mpya nzito kuhusu kazi yenyewe.

## Pima tena wiki ya sita

Fungua ukurasa mpya, jibu yale maswali matano bila kutazama alama za mwanzo. Kisha zilinganishe.

Alama ikipanda kwa 1 kwenye kile kipande kilichokuwa chini kabisa, mpango unafanya kazi, endelea nao. Ikibaki palepale, tazama hatua inayohusika: kujitathmini ni hatua ya pili, taarifa ni ya nne, lengo ni ya sita, kupanga ni ya saba, matatizo ni ya nane. Mara nyingi utakuta uliisoma hatua hiyo bila kuifanya.

Na alama ikishuka, hasa ya kutafuta taarifa, usishtuke. Aliyezungumza na watu sita sasa anajua mambo mengi ambayo hakuyajua kuwa hayajui, na anajipima kwa rula ndefu zaidi. Rudia kipimo baada ya wiki nne nyingine, ukiwa umeongeza mazungumzo mawili na jaribio moja.